Kijistari Juu ya O

Watu wa Chama cha kufufua Kiayalandi walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuandikiana barua. Kiingereza kilikuwa kimeila nchi nzima, Kiayalandi kimebaki kwa maskini wa magharibi, nao wakaapa kukirudisha mpaka Dublin, madukani, mahakamani, kila mahali. Sasa mtu aanzie wapi? Walianzia kwenye bahasha. Karani wa Dublin amwandikie mwalimu wa Galway, padri wa Kerry amwandikie binti wa Belfast, yote kwa Kiayalandi chenye makosa tele, na kila mmoja akijiona ameikomboa nchi kwa stempu moja.

Beairtle, fundi wa nguo wa kijiji kimoja cha Conamara, huko huko magharibi, alikuwa katibu wa tawi la Chama la pale. Kiayalandi alikinyonya kwa mama yake, lakini kukisoma na kukiandika alijifunza ukubwani, kutoka kwenye vijitabu vya Chama, akiwa amekaa juu ya meza yake ya kushonea, miguu kaikunja, sindano mkononi na kitabu gotini. Shuleni hakufundishwa. Shuleni kwao mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alichapwa. Ndiyo maana Beairtle hakuwa na mchezo na herufi, kwa sababu lugha uliyochapwa kwa ajili yake huwezi kuiandika ovyo ovyo.

Mtu aliyeandikiana naye zaidi alikuwa Úna Ní Ruairc wa Dublin. Nyumbani kwao walimwita Winifred, jina alilolivua siku alipoingia Chama. Kiangazi kimoja alikuja Conamara kujifunza lugha kwa wenyewe, akamwomba Beairtle amshonee koti la sufu ya pale pale. Beairtle akampima mabega na mikono, akavisahau vipimo vyote, ikabidi ampime tena kesho yake. Mama yake, Baibín, aliliona hilo akanyamaza, na kunyamaza si kawaida ya Baibín.

Úna aliporudi mjini wakaanza kuandikiana, na mpango ulikuwa wake yeye. Aliandika kwa wino mweusi, Beairtle akasahihisha kwa penseli nyekundu, kisha akairudisha barua ile ile pamoja na jibu lake. Úna alizihifadhi zote. Alisema ndizo shule yake.

Mara moja Úna aliandika kwamba Jumapili alikaribishwa kwa padri, akapewa kipande kikubwa cha caca, kitamu ajabu, akaomba cha pili. Kwa Kiayalandi, keki ni cáca, na kile kijistari juu ya a ya kwanza ndicho kinachoivuta sauti. Ukikisahau, umeandika mavi. Baibín aliposomewa ilibidi aishike meza asianguke. Beairtle akachora kijistari chekundu, na pembeni akaandika: "Vijistari, tafadhali. Bila hivyo padri amekukosea sana." Úna akajibu kwamba amecheka mpaka machozi, na kwamba hatasahau kijistari tena maisha yake yote.

Na kweli hakusahau. Alivimwaga kila mahali, panapotakiwa na pasipotakiwa, kama mpishi aliyewahi kuambiwa mchuzi hauna chumvi. Kwa hiyo kwa lililofuata, wa kulaumiwa ni Beairtle mwenyewe.

Lilifuata katika wiki zile za mwanzo wa mwaka, kabla ya Kwaresima. Huo ndio msimu wa harusi huko. Kwaresima ikishaingia hakuna kufunga ndoa, na aliyechelewa husubiri Pasaka, wengine mwaka mzima. Washenga hupita nyumba kwa nyumba na chupa zao za wiski, na fundi wa nguo hapati hata nafasi ya kujikuna. Beairtle alikuwa amewashonea suti maharusi wa parokia nzima, na yeye mwenyewe, mwenye miaka inayokaribia arobaini, hana hata mchumba.

"Wenzako wote umewavika," Baibín alimwambia akigeuza viazi jikoni. "Wewe utajishonea sanda kabla ya suti."

"Nitajishonea, Mama."

"Sanda?"

"Suti. Hebu nyamaza nihesabu vifungo."

Hakuwa akimdanganya. Mwaka huo alikuwa amekata shauri kwamba Pasaka ikifika atamwuliza Úna. Alikuwa na blanketi jeupe la sufu, pana, la kitanda cha watu wawili, alilolilipia kwa mfumaji na kulipinda mwenyewe pembe zote nne kwa mshono ambao wateja wake hawajawahi kuuona. Alikuwa amelificha sandukuni. Baibín alikuwa amelikuta siku nyingi, akalirudisha kama lilivyokunjwa.

Barua aliileta Neachtan, mpeleka barua, kapera aliyekomaa, ambaye hakuwahi kuondoka kwenye nyumba yoyote kabla ya kujua barua inasemaje. Alivua kofia, akamiminiwa chai, akakaa karibu na moto.

"Ya Dublin hiyo, fundi," alisema. "Soma polepole, leo sina haraka."

Hapa msikilizaji inabidi ajue jambo ambalo wale watatu hawakulijua. Úna alikuwa amepata kazi posta. Na posta kwao ni posta, kama kwetu. Neno hilo limetembea dunia nzima. Mjuzi wa Kiayalandi angelipinda kidogo mwishoni, lakini Úna alilibahatisha hivyo hivyo, na hapo bado wangemwelewa. Ila pósta, yenye kijistari juu ya o, ni mtu aliyefunga ndoa. Na Úna, kwa hofu ya ile keki, alikiweka kijistari.

Barua nitaisimulia kwa lugha iliyonyooka, maana nikiifuata ilivyoandikwa tutalala njaa. "Rafiki yangu Beairtle," ilisema, "nina habari njema. Tangu Jumatatu mimi ni mwanamke pósta."

Beairtle akaurudia mstari ule kwa macho.

"Mbona umesimama hapo?" Baibín akauliza.

"Ameolewa."

Neachtan akaweka kikombe chini. Baibín akamtazama mwanawe, akaona uso umemshuka, akasema taratibu, "Endelea, mwanangu. Tumsikie mpaka mwisho."

"Nimefurahi kuliko nilivyotegemea," Beairtle akasoma. "Wao ni wanaume sita, na mwanamke ni mimi peke yangu."

"Sita?" Baibín akasema.

"Pamoja na mashemeji, nadhani," Neachtan akasema. "Dublin kodi ni kali, watu wanabanana."

"Mkubwa ni mzee wa Belfast. Asubuhi ana hasira, lakini kila Ijumaa ananilipa bila kuchelewa."

"Mzee," Baibín akasema. "Tena anamlipa. Mtoto wa watu wamemuuza."

"Watu wanaingia tangu asubuhi, hata hatupumui."

"Hao wageni wa harusi. Wa mjini hawana adabu, wanakaa wiki," Neachtan akasema.

"Jioni miguu inaniuma kwa kusimama, lakini sijali, kwa sababu nina droo yangu mwenyewe na ufunguo wake, kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho."

"Basi hapo hajambo," Neachtan akasema. "Wake wengine huku hata kijiko si chao."

Beairtle alitazama mwisho wa barua. "Bado anaandika Ní Ruairc," alisema, na kulikuwa na tumaini dogo katika sauti yake, kwa maana kwao mwanamke akiolewa ile Ní huondoka na jina la baba huondoka nayo.

"Labda hajafika ukurasa huo wa kitabu," Neachtan akasema. Hakukusudia ubaya, lakini ningekuwa mimi ningemnyang'anya chai.

Neachtan alipokwisha kuondoka, Baibín alikaa kando ya meza ya kushonea. Beairtle alikuwa amerudi juu ya meza na suruali ya bwana harusi mmoja, na sindano haikwenda.

"Ungemwuliza kiangazi kile kile," mama yake akasema.

"Ningemwuliza nini? Alikuwa hajui hata neno la ndoa."

"Basi sasa kalijua."

Aliumia. Hakukasirika, hakumlaumu Úna kwa lolote, maana hakuwa amemwambia neno. Aliumia tu, kifuani, na zaidi alipokumbuka kwamba hata barua zenyewe zitakwisha. Mke wa mtu huwezi kumwandikia kila wiki kumwambia mvua imenyesha na mbuzi wa jirani amekula kola ya koti la padri. Penseli nyekundu ilikuwa pale dirishani. Hakuigusa. Aliona si adabu kuchora juu ya barua ya mke wa mtu, akaikunja akaiweka sandukuni.

Halafu akalitoa blanketi. Baibín akauliza kama ana akili timamu. Beairtle akasema blanketi limefumwa kwa ajili ya Úna na litakwenda kwa Úna, na kama atalilalia na mzee wa Belfast, hiyo ni bahati ya mzee wa Belfast. Akalifunga, akaandika kijibarua kifupi cha pongezi, akamwita Úna "Bibi mheshimiwa". Baibín akalazimisha iongezwe dua ambayo kila bibi harusi wa Conamara huombewa, kwamba mwaka usiishe kabla kitanda cha mtoto hakijapata mtu.

Kwaresima ikaingia. Watu wakala samaki wa chumvi na kunywa chai isiyo na maziwa, na Beairtle akafunga kuliko padri. Darasa la Chama aliendelea kulifundisha, ila siku ya vijistari aliruka ukurasa, akasema watausoma wakati mwingine. Wanafunzi walifurahi.

Jibu la Dublin lilipofika, Neachtan alikuwa ameloa mpaka mifupani, lakini alikaa.

"Beairtle mpenzi wa lugha," lilianza, "asante kwa blanketi. Ni zuri mno, nimeona haya. Limeletwa kazini, na kifurushi kimefunguka njiani, kwa hiyo wote sita wameliona. Mkubwa aliniuliza kwa nini fundi wa Conamara anamtumia karani blanketi la watu wawili. Nikamwambia ni desturi yenu mtu akipata kazi."

"Karani?" Baibín akasema.

Beairtle alisoma kwa kasi sasa. "Mkubwa hakuridhika. Kwetu posta, karani mwanamke akiolewa siku hiyo hiyo kazi basi, akadhani nimeolewa kwa siri. Ilibidi niape. Hata dua yako ya kitanda cha mtoto niliificha, nikaitafuta neno kwa neno kwenye kamusi nikidhani kuna maana nyingine. Beairtle, kuna neno nililoliandika vibaya, sivyo? Na kwa nini hukunirudishia barua yangu? Ni mara ya kwanza. Nimeuza stempu siku nzima nikiwaza kwamba nimekuudhi. Nirudishie, na nyekundu yake, hata ikiwa imejaa."

Alishuka mezani hata bila viatu, akafungua sanduku, akaitoa ile barua ya kwanza. Akaikazia macho. Akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakaa juu ya sanduku akaanza kucheka, na alicheka vibaya, kama mtu anayelia.

"Nini?" Baibín akasema. "We Beairtle, nini?"

"Hajaolewa, Mama. Anauza stempu."

"Na mzee wa Belfast?"

"Ni mkuu wa ofisi."

"Na wale sita?"

"Makarani."

Baibín akajifunika uso kwa aproni. Mabega yakaanza kutikisika, na ilikuwa muda kabla hajaweza kusema. "Na mimi nimemwombea mtoto," alisema. "Nimemwombea karani wa posta apate mtoto kabla ya mwaka kwisha."

"Basi na mimi ni mtu wa posta," Neachtan akasema, akiwaza. "Mkiniwekea hicho kijistari mnipe na blanketi."

Wakacheka wote watatu mpaka chai ikapoa. Ila Neachtan alipoondoka, Beairtle aliacha kucheka. Aliichukua penseli nyekundu, akaichonga kwa mkasi, akaanza kusahihisha ile barua aliyokuwa akiiogopa. Hapa herufi imezidi, pale kitenzi kimekaa mahali pabaya. "Miguu" Úna aliandika kwa umoja, kana kwamba ana mmoja tu. Vijistari vya bure alivikata kimoja kimoja. Kazi hiyo ilimpa raha asiyoweza kumweleza mtu. Akalifikia lile neno, na penseli ikasimama.

"Kifute basi," Baibín akasema. Kusoma hakujua, lakini uso wa mwanawe aliusoma bila miwani.

"Nikikifuta, anabaki posta."

"Si ndiko aliko?"

"Ndiko aliko. Na ameniandikia kwamba amefurahi. Ana droo, ana ufunguo." Akaishusha penseli. "Nikikiacha, hana kazi. Hawezi kuwa vyote viwili, Mama. Sheria yao ndiyo hiyo. Ni kijistari au mshahara."

Baibín alichochea moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao huko ndio kuni, mpaka ukashika. "Wewe umejiamulia mara moja kuhusu blanketi," alisema mwishowe, "na nusura umfukuzishe kazi. Safari hii mwache aamue yeye. Mwanamke anayeapa mbele ya wanaume sita hashindwi kusema ndiyo au hapana."

Beairtle akaandika pembeni, kwa nyekundu ile ile: "Neno hili nimeliacha. Ulitaka kusema posta, umesema umeolewa, na sisi huku tuliamini, ndiyo maana ya blanketi na ile dua. Ukikifuta kijistari wewe mwenyewe, ni kosa dogo tu, utabaki na droo yako, na nitaendelea kukusahihishia maisha yangu yote bila kinyongo. Lakini ukikiacha, basi ni swali ninalokuuliza, na nilitaka kukuuliza tangu nilipokupima koti mara mbili. Ukikubali, Mama ataoka keki kubwa kuliko zote alizowahi kuoka." Hakuisoma tena, alijua akiisoma ataichana. Aliifunga na kuipeleka mwenyewe kwa Neachtan, akamkuta amelala usingizi wa mchana, akamwamsha.

Kusubiri kulikuwa kubaya. Úna hakujibu wiki ile, wala iliyofuata. Beairtle akashona kola upande wa ndani nje. Akamwambia mama yake kwamba mwenye akili angeshikilia kazi yake, kwamba yeye angekuwa Úna angekifuta, kwamba Dublin kuna taa barabarani. Baibín akamwambia akaendelee kushona. Pasaka ikapita, wakala mayai, majirani wakafunga zile ndoa zilizochelewa, na yeye akawavika.

Siku barua ilipokuja jua lilikuwa limetoka, na Neachtan alikuja mbio, mtu ambaye hakimbii hata mbwa wakimfuata. "Ya Dublin," alisema, "na ni nene." Hakutaka hata chai.

Ilikuwa nene kwa sababu ndani yake mlikuwa na barua ile ile ya kwanza, kurasa zake zote, imekwenda na kurudi, imechoka kwenye mikunjo. Hapakuwa na karatasi nyingine. Beairtle akaifungua juu ya meza. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye neno lile.

Kijistari kilikuwepo, kama alivyokiacha.

Mara akaona kitu ambacho hakikuwa chake. Pembeni, ndani ya maneno yake mwenyewe, mtu alikuwa amechora kijistari kidogo kwa penseli nyekundu mpya, imechongwa vizuri. Kilikuwa juu ya neno la keki, ambalo yeye aliliandika caca. Beairtle, katibu wa tawi, aliyechapwa kwa ajili ya lugha yake na hakuwa na mchezo na herufi, alikuwa amemwandikia Úna kwamba akikubali kuolewa naye, Mama atamwokea mavi makubwa kuliko yote aliyowahi kuoka.

Chini yake Úna alikuwa ameandika, bila kosa hata moja: "Vijistari, tafadhali. Hiki nimekuongezea. Kile kingine sikigusi. Nimeaga kazi, droo nimemkabidhi mwingine, na blanketi nakuja nalo."

Beairtle alisoma, akasoma tena. Uso ulimwiva mpaka masikioni, na furaha ilimjaa mpaka hakujua aweke wapi mikono yake, akaishika meza.

"Jamani tuambie," Neachtan akasema. "Mimi nina nyumba nyingine za kupita."

"Kasemaje?" Baibín akauliza.

"Kasema uoke keki."